Regina Anakula Vizuri Sana

Skogdal, Wisconsin
2 Juni 2012

Maren mwanangu,

Barua hii ikukute mzima, umeshiba na umelala, maana nakujua, ukishika kitabu unasahau vyote viwili. Huku hatujambo. Mgongo wa baba yako unamsumbua ila hataki usemwe. Mtoto wa dada yako Karin ameota jino la pili na anamuuma kila anayembeba, mchungaji wetu akiwemo. Lusini ya kwanza, yale majani ya ng'ombe, tumeikata na kuifunga haraka tuiwahi mvua, na mvua yenyewe haikuja.

Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Nikishika simu baba yako husimama nyuma yangu akinikumbusha nikwambie habari za hali ya hewa, na nikimaliza hali ya hewa, yangu yote yameshanitoka kichwani.

Sasa kaa chini. Regina anakuja kwako!

Yule mkuu wa utafiti wenu alipowaandikia wafugaji kwamba chuo kinaazima ng'ombe kiangazi hiki wapimwe wanavyokula, baba yako alisema tumpe ng'ombe yeyote wa katikati. Nikamwambia, Orville, binti yangu anafanya kazi katika banda lile, wa kwanza katika nyumba hii kuvuka mlango wa chuo, halafu nimpelekee ng'ombe wa katikati? Watu watajiuliza huyu katoka kwa nani. Nimempeleka malkia, na tepe zake zote za buluu za ushindi nimezipiga picha, umwonyeshe atakayeuliza na asiyeuliza.

Na huyo mkuu umwambie kwamba ukoo wa R haukuanzia shamba hili. Babu yako, baba yangu mimi, alinipa mtamba siku ya harusi yangu, nikaingia hapa nimemshika kamba, gauni jeupe ndani na koti la baba juu. Ng'ombe wote wenye majina yanayoanza na R wametoka kwenye tumbo lile. Ninyi mna vitabu vyenu. Changu kina miguu minne.

Lakini kuna jambo moja. Regina alipoona trela alilia mpaka majirani zetu akina Skaar wakasikia. Hajawahi kukaa bila jirani yake wa kihori. Kwa hiyo nimemwongeza Dot, wa kumliwaza tu. Unamkumbuka, kale kafupi ka marehemu bibi yako mzaa baba, wale ukoo wa D wenye vimo vya mbuzi. Asikutie aibu, waambie amekuja kama mpambe wa bibi harusi.

Niangalizie kihori cha Regina uniandikie. Unajua tusemavyo huku, ng'ombe anayekula ndiye anayekamua. Nataka wamwone akila!

Nakubusu kuliko stempu moja inavyoweza kubeba,
Mama yako


Iowa, 14 Juni 2012

Mama mpenzi,

Barua yako imefika na wageni wako wamefika, wote wazima. Mimi sijambo. Nakula (umesikia?) na nalala kidogo. Mwambie baba ajipake ile dawa ya mgongo badala ya kuitazama kabatini, na Karin umwambie nimecheka sana habari ya mchungaji.

Regina alishuka kwenye trela kama bibi harusi anayetafuta mpiga picha yuko wapi. Wenzangu walisimama kumtazama. Mmoja akaniuliza, "Huyu mama yako alimfuga au alimjenga?" Kwa kimo amewazidi wote bandani.

Nikueleze tunavyofanya. Kila ng'ombe ana kihori chake chenye lango, na lango linamtambua kwa kile kidude cha sikioni. Akija mwenyewe linafunguka, akija mwingine halisogei. Chini ya kihori pana mizani, kwa hiyo kila tonge linajulikana. Tunapima maziwa yake, tunampima na yeye mwenyewe uzito. Anayekamuliwa mengi dunia inamjua siku nyingi. Sisi tunamtafuta anayetoa maziwa yaleyale kwa chakula kidogo, kisha tujue kama watoto wake wanarithi tumbo lile. Miaka yote fahali tumewachagua kwa maziwa na kwa umbo, lakini kihori hakuna aliyekiuliza neno.

Siku ya pili Regina alimaliza chakula chake, akaenda kwa jirani, akalisukuma lango kwa paji la uso mpaka likapinda. Ikabidi fundi aitwe.

Umeniuliza anavyokula. Anakula vizuri sana, Mama. Dot naye hajambo.

Binti yako akupendaye,
Maren


Skogdal, 8 Julai 2012

Maren wangu,

Barua yako nimeisoma, nimemsomea baba yako, nimemsomea Karin kwenye simu, na leo nimekwenda nayo kanisani. Wote wazima, jino la tatu limetoka.

Baada ya ibada, tukiwa kwenye kahawa, Verna Skaar kaanza habari za mwanawe aliyenunua trekta. Nikamwacha amalize. Nikanywa kahawa yangu. Halafu nikasema polepole, kama mtu asiyejali, "Regina wangu yuko chuoni."

"Anasomea nini?" Verna akauliza, na wanawake wakacheka.

"Kula," nikamwambia. "Na anaongoza darasa. Amemaliza chakula chake akavunja mlango wa mwenzake." Nikaitoa barua mkobani. "Soma mwenyewe. Mwandiko wa Maren huo."

Akasoma. Akainuka kwenda kuosha vikombe.

Sasa ya moyoni. Mvua hakuna, Maren. Mahindi yamejikunja majani kama sigara. Lusini ya pili imetoka kidogo hata baba yako hakuhesabu mafungu, alisimama akaitazama, akavua kofia. Wanaouza nyasi kavu wameota pembe, huwezi hata kuwauliza bei. Baba yako anasema theluji ikianguka hatutakuwa na cha kuwalisha wote, lazima sehemu ya zizi iende mnadani mwezi wa kumi.

Nimeshaamua. Tunauza D wote. Dolly na Dora, binti za Dot, na mitamba wao, na Dot mwenyewe akirudi toka kwako aende. Tutabaki na R, na kuanzia majira ya baridi tuzalishe R watupu. Kama ni lazima nibaki na wachache, nibaki na walio bora. Baba yako nimeshamwambia. Ni ng'ombe wa mama yake, lakini kuchagua fahali na kuchagua nani abaki ni kazi yangu katika nyumba hii tangu nilipoolewa, na hajawahi kuniingilia. Alichukua ufagio tu, akaenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Usihuzunike. Ndivyo ufugaji ulivyo.

Mkuu wenu je, amesemaje juu ya Regina? Hilo hukuniandikia.

Mama yako anayesubiri kujisifu


Iowa, 29 Julai 2012

Mama mpenzi,

Nisamehe kuchelewa. Joto huku limetushika shingo, tunawamwagia ng'ombe maji mchana kutwa na sisi tunajimwagia yanayobaki. Ninayeishi naye chumba kimoja amerudi kwao, kwa hiyo nina feni peke yangu. Namshukuru Mungu kwa hilo. Msalimie baba. Habari ya lusini imeniuma sana.

Mkuu wa utafiti amesimama mbele ya Regina zaidi ya mara moja. Alisema hajapata kuona ng'ombe kama yeye.

Mama, kuhusu mnada, majina yameshapelekwa? Nakuomba usiyapeleke kwanza. Kuna hesabu zetu hazijakamilika. Nitakuandikia zikikamilika.

Maren


Skogdal, 13 Agosti 2012

Maren,

Tu wazima sote, tunakauka tu kama mahindi. Baba yako amejipaka ile dawa, ananuka kama duka la dawa lililoungua.

Habari kubwa ni hii. Maonyesho ya kaunti yamekwisha na Ramona, binti wa Regina, amechukua utepe wa buluu! Mwamuzi alimpapasa mgongo, akamrudia kifua, akawaambia watu wote kwenye kipaza sauti kwamba hiki si kifua, ni mlango wa ghala. Verna alikuwa amekaa mbele yangu. Nikampigapiga bega nikamwuliza kama amesikia, au mwamuzi arudie.

Utepe huo ungenitosha mwaka mzima, lakini barua yako imenitia mdudu moyoni. Fupi kama risiti. Mtoto niliyemzaa, aliyekuwa akinieleza ndoto zake tangu mwanzo mpaka uji umepoa, akiniandikia kifupi kuna jambo. Nimewaza mambo mawili. Ama Regina anaumwa, ama umepata mwanamume. Kama ni mwanamume, ni Mlutheri? Kama si Mlutheri, anajua kukamua?

Kama ni Regina, niambie leo. Nitakuja hata kwa kuendesha trekta.

Mtu wa mnada anakuja mwisho wa mwezi kuandika majina. D wataandikwa, sioni cha kungoja. Hesabu zenu zitanipa nyasi?

Mama


Iowa, 21 Agosti 2012

Mama,

Hakuna mwanamume. Regina haumwi.

Leo naruka salamu, nisamehe. Nikianzia meno ya mtoto sitafika ninakokwenda.

Uliniambia nikuangalizie kihori cha Regina. Nimekiangalia. Katika banda hili lote hakuna ng'ombe anayetumia chakula kingi kupata ndoo moja ya maziwa kama yeye. Na hakuna anayetumia kidogo kama Dot. Maziwa yao yamekaribiana kabisa, siku nyingine Dot humpita. Si kwa sababu ya ufupi wake peke yake, maana hata ukiondoa hesabu ya ukubwa wa mwili, bado Dot yuko mbele. Mwanzoni tulidhani lango lake limekwama, haingii kula. Fundi akalikagua. Lango zima. Dot anakula, anatosheka, anakwenda kulala akacheua. Regina anakula, anaanza kutafuta.

Haya niliyashuku tangu Juni, na Julai nikawa na hakika. Nilikuandikia kwamba anakula vizuri sana nikijua utakavyolisikia neno hilo, nikakuacha ulisikie hivyo. Kisha ukalipeleka kanisani.

Regina ni mzuri, Mama. Ni mzuri kwa yale tuliyomtakia. Kila majira ya baridi ulikaa mezani na kitabu cha mafahali, nami pembeni yako, tukatafuta aliye mrefu zaidi na kifua kipana zaidi, kwa sababu waamuzi wanapenda hivyo na kwa sababu anayekula ndiye anayekamua. Hukuwa peke yako. Bonde zima lilifanya hivyo, na nchi nzima. Hakuna aliyekuwa na mizani chini ya kihori.

Mwaka huu nyasi hamna. Ukiwauza D, unawauza wale ambao wangevuka baridi kwa kile mlichonacho ghalani, unabaki na wale watakaokimaliza mapema. Siwezi kukuapia kwamba Dolly na Dora wamerithi tumbo la mama yao. Kurithi si kunakili, hata ndani ya ukoo mmoja hawafanani, na ndiyo maana tunapima. Lakini kwa tunayoyaona, ningeweka dau langu kwa D. Na yule dume mdogo wa Dot, aliyezaliwa Februari, nakuomba asiende sokoni.

Najua R ni nani kwako. Najua ni nani alikupa ile kamba mkononi. Ndicho kilichonichelewesha. Lakini mlinituma huku nijifunze, na hili ndilo nililojifunza. Nikikuficha ili ufurahi, nimesoma bure.

Maren


Iowa, 17 Septemba 2012

Mama mpenzi,

Natumaini mko wazima, na mtoto na meno yake.

Sijapata jibu lako. Nilipiga simu, baba akapokea. Akasema uko zizini, hujambo, mvua hakuna. Nikamwambia nitangoja kwenye simu. Akasema, "Usingoje, mwanangu."

Regina na Dot wanarudi na trela wiki hii. Nimewasugua wote wawili.

Kama una hasira, niandikie hasira. Hasira yako naweza kuisoma. Kimya ndicho sikiwezi.

Maren


Skogdal, 7 Oktoba 2012

Maren,

Tu wazima. Mtoto ana meno manne. Mgongo wa baba yako umetulia. Macho yangu yaliniwasha sana mwisho wa Agosti, vumbi la nyasi, usiulize.

Hasira uliitaka, haya ishike. Nilikukasirikia mpaka mkate ukaungua. Nilisema, tumempeleka mtoto shule, karudi kututukania ukoo. Nilisema mashine zenu zimekula njama na mama mkwe wangu. Baba yako akasema, "Ardis, mama alishakufa." Nikamwambia, "Hilo halijawahi kumzuia."

Sikukuandikia kwa sababu sikutaka kubishana na mashine nisiyoiona. Niliamua kupima mwenyewe. Nikawafunga Ramona na Dolly kihori kwa kihori, nikapigilia ubao katikati pua zisivuke. Kila mmoja nikampimia chakula chake kwa mizani ya chumba cha maziwa, na makombo nikayazoa nikayapima nayo. Maziwa ya kila mmoja nikayaweka mbali. Sikumwambia mtu.

Baba yako akanikuta nimetundika ndoo ya makombo.

"Unafanya nini, Ardis?"

"Nafagia."

"Unafagia kwa mizani?"

"Orville, nenda kaangalie mvua."

Akaenda. Kesho yake nikakuta ndoano ya mizani imetiwa mafuta. Ukitafuta mume, mtafute wa namna hiyo, ulutheri tutaongea baadaye.

Kwanza nilidhani mizani imekosea. Nikaazima ya jirani, nayo ikakosea vilevile. Nikawabadilisha nafasi, huyu huku na yule kule. Ramona alikula mpaka akalamba ubao. Dolly alikula, akanitazama kama mtu aliyemaliza kazi yake, akajilaza kucheua. Na maziwa, Maren, yalikuwa sawa. Nilizishika ndoo zile, moja mkono huu na moja huu. Mikono hii imebeba maziwa tangu utoto, haijafika kwenye meza, haidanganywi na kimo cha ng'ombe.

Nikapindua ndoo tupu nikaikalia. Hiyo ndiyo habari yote nitakayokupa ya siku ile.

Mtu wa mnada alipokuja mara ya kwanza nilimwambia arudi. Aliporudi nikamwambia aandike R. Akavua miwani.

"Ardis, umesema R?"

"Una masikio mawili, tumia lolote."

Jana wamekwenda. Ramona na wengine wote, nilimsafisha kila mmoja kama anakwenda maonyesho. Kulikuwa na mnunuzi wa kule nyanda tambarare za magharibi, mwenye mashamba ya kumwagilia na nyasi mpaka juu ya paa. Alimzunguka Ramona kama mtu anayezunguka kanisa. Sikutaka kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Nikamwendea.

"Bwana, ujue ng'ombe huyu anakula."

"Anakula sana?"

"Sijaona mfano wake. Ukoo mzima. Tumewapima."

Uso ukamchanua. "Hao ndio ninaowatafuta, mama!"

"Nisikilize vizuri. Anakula kuliko anachorudisha."

"Mama, ng'ombe anayekula ndiye anayekamua," akanijibu, kwa upole, kama anamfundisha mtoto, akainua mkono bei ipande.

 Ningemwambia nini? Mpaka Agosti mimi nilikuwa yeye.

Walipopakiwa sikulia. Baba yako alinishika kiwiko, nami nikamwachia akishike.

Sasa sikiliza. Regina haendi popote. Ameshinda kila alichoshindania, na atakula ashibe hata kama mimi nitakula maganda ya viazi. Mambo ya mizani usiniletee kwa Regina. Na Rosalind, mtamba mdogo kuliko wote wa R, nimembakiza, maana uliandika mwenyewe kwamba hata ndani ya ukoo mmoja hawafanani, nami nimemwangalia kihorini nikaona huyu ana adabu kidogo. D wote wapo. Yule dume wa Dot yupo, mwakani atampanda Rosalind. Ndama hufuata herufi ya mama yake, kwa hiyo atakuwa R. Kamba ya baba yangu, tumbo la mama mkwe wangu. Sikudhani nitaishi kuwaona hao wawili wakikaa ndani ya ng'ombe mmoja bila kugombana.

Ghala litatufikisha nyasi mpya. Baba yako amepiga hesabu, akavaa kofia.

Mama yako, mwenye hasira kidogo, ila inapoa


Iowa, 20 Oktoba 2012

Mama mpenzi,

Salamu kwenu nyote. Barua yako niliisoma nimesimama njiani katikati ya vihori, na wenzangu wakadhani kuna msiba. Nikawaambia hapana, ni mama yangu amepima.

Ungeniamini tu kwa kuwa mimi ni binti yako, ningeshukuru. Lakini uliponibishia kwa kupima, hujui umeniheshimu kiasi gani.

Mkuu wa utafiti anaomba Dolly na Dora kiangazi kijacho, tuone kama binti wanafuata mama.

Jambo moja linanisumbua. Karin ameniambia bondeni wanakucheka kwa sababu yangu. Mama, katika maandishi yetu ng'ombe hawana majina, wana namba tu. Si lazima mtu yeyote ajue kwamba yule mlafi alikuwa Regina wako. Ukitaka, sitamwambia mtu.

Maren


Skogdal, 11 Novemba 2012

Mwanangu Maren,

Hatujambo. Theluji ya kwanza imedondoka ikayeyuka. Mtoto amesimama peke yake kwa kitambo kama cha amina moja, akakaa. Ng'ombe wamelala wanacheua, na ghalani sitazami tena kila asubuhi, nimejikuta nimesahau.

Jana tulikuwa na chakula cha jioni cha kanisa, wale samaki waliolowekwa kwenye magadi na mikate myembamba ya lefse, ukumbi umejaa mpaka ngazini. Nilikaa mkabala na Verna. Akasubiri meza nzima ikae, kisha akasema kwa sauti ya kipaza sauti, "Ardis, nasikia umewauza malkia ukabaki na vibete vya mama mkwe wako."

"Umesikia sawa."

"Na eti aliyekuamrisha ni Maren."

Uma zikasimama hewani, Maren. Hata wale wanaume wa meza ya nyuma.

"Hakuniamrisha," nikamwambia. "Aliniambia ng'ombe wangu ni mlafi. Mimi, mama yake! Ng'ombe wa baba yangu! Alijua nitanuna, na nilinuna, na bado aliniambia. Wako ameshakwambia nini, Verna, zaidi ya bei ya trekta?"

Baba yako akakohoa ndani ya viazi. Verna, namsifu kwa hili, alicheka. Akanisogezea siagi, akauliza kwa sauti ya chini, "Hebu niambie, unawapimaje?" Nikamweleza, ubao na ndoo na yote. Kufika kwenye kahawa alikuwa ameshaanza kuwashuku ng'ombe wake watatu.

Kisha mwenyekiti wa chama cha wafugaji akasimama, akauliza watampata wapi mtu wa kuzungumza kwenye mkutano wao wa Januari, ukumbini palepale. Mimi nilikuwa nimeshasimama kabla hajafunga mdomo. Nimeshawaahidi kwamba utazungumza wewe, usiniangushe. Watakuja bonde zima na wengine toka upande wa pili wa mto. Kahawa nitapika mwenyewe. Nitavaa gauni la buluu, nitakaa mstari wa mbele, na atakayepiga miayo nitamjua.

Ile habari yako ya namba nimeisoma, nikaisoma tena, nikaona mtoto wangu ananihurumia. Ihifadhi huruma hiyo, utamhurumia mwingine. Usithubutu kusimama mbele ya watu hawa ukawatajia ng'ombe wenye namba. Wana majina. Waambie walikuwa wa nani, na nani aliwachagulia fahali. Simama wima, usiseme haraka, na usinitazame mimi, maana nitakuwa nawatazama wao wakikusikiliza.

Anza na Regina.

Mama yako,
Ardis